1NZ-FE na supachaja ya M45 imenoki kwa daino: injini ya ex-Japan, pistoni za foji, au injini nyingine kabisa?

Milimani_RS (Kisumu)
Wakuu, naomba ulinganisho. Gari ni Vitz RS, 1NZ-FE, kompresheni ya kiwandani 10.5:1. Supachaja (pampu inayosukuma hewa kwa injini) ni Eaton M45 ya Mini Cooper S, haina intakula (kipozea hewa). Injekta na pampu ya petroli ni za kiwandani, ECU (kompyuta ya injini) ni ya stendaloni. Daino (mashine ya kupima nguvu za gari) iko Nairobi. Ilipovutwa mara ya tatu, busti (presha ya supachaja) ikiwa bar 0.5, kwenye 5,800 rpm AFR (uwiano wa hewa na petroli) iliruka kutoka 11.8 hadi 13.4, na moshi ukaanza kutoka kwa briza (bomba la kupumulia la injini). Kompresheni sasa: 165, 160, 70, 160 psi. Kuna njia tatu: (A) injini ya ex-Japan na busti ipunguzwe, (B) kufungua hii na kuweka pistoni na konrodi za foji, (C) kubadilisha injini kabisa. Lengo ni farasi 150 kwenye magurudumu.

Kibuye_Spana
Omera, usinunue kitu bado. Mwaga oili kijiko kimoja kwa silinda ya tatu upime tena. Halafu ingiza hewa ya kompresa kwa tundu la plagi, pistoni ikiwa juu na valvu zimefungwa, usikilize inatokea wapi. Kwa ekzosti ni valvu ya kutolea, kwa throtoli ni ya kuingizia, mapovu kwa rejeta ni gasket ya hedi, kwa mfuniko wa oili ni ringi au pistoni. Plagi ikoje?

Milimani_RS
Na oili ilipanda hadi 130. Hewa inatokea kwa mfuniko wa oili. Plagi ya tatu ina vitone vidogo vinavyong'aa kwenye kaure, elektrodi bado nzima.

Kibuye_Spana
Vitone hivyo ni aluminiamu ya pistoni. Ukingo wa pistoni unaoshika ringi umevunjika, mara nyingi ule kati ya ringi ya kwanza na ya pili. Hiyo ni detonesheni, yaani petroli kulipuka yenyewe ndani ya silinda. Kata filta ya oili, ukunjue karatasi yake juani. Ukiona unga wa fedha pekee, krenki huenda iko salama. Ukiona vipande vya shaba, beringi za konrodi nazo zimeguswa.

Section58_Ramani (Nakuru)
Kiini kiko kwenye ile AFR. Injini haikosi petroli ghafla kwa sababu ya pistoni, pistoni ndiyo hufa kwa kukosa petroli. 1NZ haina laini ya kurudisha petroli. Regyuleta iko ndani ya tangi na haisikii busti. Reli ya petroli inayolisha injekta inakaa kwenye takriban bar 3.2 daima. Ukisukuma bar 0.5 upande wa pili wa injekta, inabaki 2.7, na mtiririko unashuka kwa karibu 8% wakati ule ule injini inapotaka zaidi. Ongeza pampu ya zamani yenye waya mwembamba: pima volti kwenye plagi ya pampu yenyewe wakati wa mzigo. Ikishuka chini ya 13, vuta waya wa milimita 4 za mraba kutoka kwa betri kupitia rilei ya ampea 30.

Farasi 150 kwenye magurudumu ni kama 170 kwenye krenki. Kwa injini ya supachaja hesabu petroli pauni 0.6 kwa kila farasi kwa saa, gawanya kwa injekta nne, usizitumikishe kupita 85%. Unapata karibu cc 315 kwa dakika. Nunua za 350 na uzipime zote nne kwenye benchi. Zikitofautiana zaidi ya 4%, rudisha.

Joto nalo. M45 ni ya aina ya Roots, inapasha hewa sana. Kwa hewa ya nyuzi 25 na uwiano wa presha 1.6, inatoka kama nyuzi 95. Bila intakula, kila mvuto unaanza na moto wa ule uliopita. Kwa 10.5:1 hapo ndipo unapoipoteza injini.

Lurambi_Garage (Kakamega)
Mulembe. Kwa maoni yangu ni B. Mini iliyokuwa na M45 hiyo ilikuwa na kompresheni 8.3:1, hii ni 10.5. Weka pistoni za foji za 9:1, ringi ya juu iachwe pengo la milimita 0.38 na ya pili 0.42 kwa boa ya 75. Pengo dogo linafanya ncha za ringi zigongane zikipata moto, na ukingo unavunjika hata bila detonesheni.

Section58_Ramani
Mkuu, pengo nakubali. Lakini bloku hiyo ni aluminiamu yenye slivu nyembamba za chuma, haina nafasi ya kubowa. Silinda ya tatu ikiwa imekwaruzwa hadi kucha inakwama, B inahitaji kuweka slivu mpya, na gharama yake inashinda A mara kadhaa. Kwa farasi 150 mimi ni A: pulii kubwa ya supachaja ishushe busti hadi bar 0.35, intakula, injekta, regyuleta inayosikia busti. Ukitaka 180, hapo B ina maana, kwa sababu konrodi za kiwandani ni nyembamba.

Lurambi_Garage
Slivu ikiwa imekwaruzwa, sawa, A.

Probox_Ahero
Ukienda A, soma maandishi kwenye bloku kabla ya kulipa. 1NZ-FXE ni ya haibridi, kompresheni 13:1, na kwa nje zinafanana. 2NZ ni 1.3. Namba ya injini ikibadilika lazima ibadilishwe kwa rekodi za NTSA (mamlaka ya usafiri Kenya). Njia ya C kwa Vitz ni giaboksi, mauntingi, nyaya na drivshafti, achana nayo.

Section58_Ramani
Jambo la watu wa huku ambalo ramani nyingi (majedwali ya petroli na moto wa plagi ndani ya ECU) hazilijali. Nairobi iko kama mita 1,700, hewa ni karibu kPa 83. Kisumu ni mita 1,130, karibu kPa 88. Pulii ni ile ile, uwiano ni ule ule, kwa hiyo kPa 133 ya Nairobi (83 na ile busti ya bar 0.5) inakuwa 141 Kisumu. Ile safu ya kPa 140 kwenye ramani haikuguswa kwenye daino. Ijazie petroli na kuchelewesha moto wa plagi kwa makadirio, kisha hakikisha barabarani ukiwa na rekoda, kwa mfano kutoka Ahero kuelekea mjini. Mombasa itafika 162, usiteremke huko na ramani hii.

Milimani_RS
Nikirudi kwa daino, nianze vipi?

Section58_Ramani
Plagi za ubaridi hatua moja zaidi, pengo 0.7. Moto wa plagi ucheleweshwe nyuzi 7 za krenki kuliko ramani ya kawaida kwenye busti. Valvu ya PCV (inayorudisha mvuke wa injini kwa inteki) iwe inafunga vizuri kwenye busti, la sivyo busti inaingia kwa sampu na mvuke wa oili unarudi kwa inteki na kuongeza detonesheni. Feni kubwa mbele ya intakula. Vuta hadi 4,000 rpm, soma rekodi, ongeza 500. Hewa ya inteki ishuke chini ya nyuzi 45 kabla ya mvuto mwingine. ECU iwekwe ikate yenyewe AFR ikipita 12.5 kwenye busti, au presha ya reli ikishuka bar 0.2 chini ya inayotakiwa. Petroli iwe ya kituo kimoja unachokijua, ya chupa za barabarani usiiguse. Iliyochanganywa na mafuta ya taa inashusha okteni, na sensa ya noki huenda ikachelewa kukuambia.