Tunahamia Hamburg na watoto wadogo: Kita, darasa la awali au shule ya kimataifa? Naomba ushauri

Mama Wawili

Habari zenu wadau. Mume wangu amepata kazi ya uhandisi Hamburg, mkataba wa miaka mitatu unaoweza kuongezwa, na Mungu akijalia tunaondoka Dar mwezi Aprili. Tuna watoto wawili. Wa kike anatimiza miaka sita Agosti. Yuko chekechea ya mchepuo wa Kiingereza hapa Tabata, anasoma hadithi fupi mwenyewe na anajumlisha vizuri tu. Mdogo wake wa kiume ana mitatu, ni mtoto wa mama hasa, ukimwacha na mtu mgeni analia mpaka sauti inakauka.

Nyumbani tumegawanyika. Baba yao anataka shule ya kimataifa ili binti asipoteze Kiingereza na asirudishwe nyuma. Mimi naiogopa ile ada, na naona ajabu tuishi Ujerumani huku watoto hawajui Kijerumani. Nimesikia pia Kita, yaani vile vituo vyao vya kulelea watoto kabla ya shule, hawafundishi kusoma wala kuandika. Ni kweli? Mtoto anayesoma tayari akacheze mchanga mwaka mzima? Bibi yao wa Moshi anasema tumwachie binti amalize mwaka, tutamfuata baadaye. Dada yangu anasema nimfundishe mwenyewe nyumbani kwanza mpaka azoee. Kichwa kinaniuma. Wenye uzoefu naombeni mnisaidie.

Mkazi wa Altona

Karibu Hamburg dada. Nianze na hili la kumfundisha nyumbani: lifute kabisa. Akishafikia umri wa shule, Ujerumani sheria inataka mtoto aende shuleni, nyumbani haikubaliki.

Sasa umri. Hamburg, mtoto aliyetimiza miaka sita kabla ya tarehe 1 Julai ndiye anayelazimika kuanza darasa la kwanza mwaka huo. Binti yako ni wa Agosti, kwa hiyo kwa kawaida ataanza mwaka unaofuata, akikaribia saba. Baba yao asione amerudishwa nyuma; hao ndio watakaokuwa wenzake darasani. Wanaomtangulia ni wachache ambao wazazi waliomba waanze mapema. Kwa mtoto anayekuja bila Kijerumani nawasihi msiombe hivyo. Huo mwaka mmoja ni mali.

Mwaka huo atautumia wapi? Shule nyingi za msingi za Hamburg zina darasa la awali ndani ya jengo lilelile, na halina ada. Kila mtoto wa hapa akifikia miaka minne na nusu hivi hupelekwa shule ya msingi ya jirani akaangaliwe, hasa lugha. Akionekana Kijerumani chake bado, darasa la awali linakuwa la lazima na anaongezewa vipindi vya lugha. Kwa binti yako hiyo ni neema. Tangu Agosti yuko na watoto wa mtaa wake, anajifunza lugha kwa nyimbo na michezo, na mwaka unaofuata anaingia la kwanza na marafiki zake. Aprili mkifika nendeni mapema kituo cha ushauri wa shule cha jiji, wanawasaidia wageni kujua pa kuanzia.

Kuna jambo wengi tunalisikia tukiwa tumechelewa. Shule ya msingi hapa ni miaka minne tu. Baada ya hapo watoto wanaelekezwa shule za sekondari za aina mbili, na ingawa zote mbili zinaweza kumfikisha mtihani wa kuingilia chuo kikuu, njia zake si moja. Anayekuja na miaka sita ana muda wa kutosha kuijua lugha kabla ya hapo. Anayekuja na tisa anakimbizana na saa. Kwa hiyo bibi wa Moshi tunamheshimu, lakini binti aje na wazazi wake.

Mama Wawili

Asante sana, hapo kwenye Agosti umenipumzisha. Na huyu mdogo? Yeye ndiye ananinyima usingizi.

Nesi wa Kisumu

Pole dada, na wangu alikuwa vivyo hivyo. Mimi pia naishi Hamburg. Mdogo ni wa Kita. Tangu mwaka 2013 Ujerumani nzima, mtoto aliyetimiza mwaka mmoja ana haki kisheria ya nafasi ya malezi, na Hamburg saa tano kwa siku pamoja na chakula cha mchana ni bure. Mkiwa wote kazini, au wewe uko kwenye kozi ya lugha, mnaweza kuomba saa zaidi, na hizo za ziada mnachangia kulingana na kipato.

Utaratibu wake: unaomba vocha ya Kita, ile hati ya serikali ya kugharimia malezi, ofisi ya wilaya, lakini vocha peke yake haikupi nafasi. Kita unaitafuta mwenyewe na kuzungumza nao mwenyewe. Anza kuwaandikia ukiwa bado Dar, andikia nyingi, na vocha iombe walau miezi mitatu kabla ya tarehe unayotaka aanze.

Kuhusu kulia: hapa hawakubali umwache mtoto mlangoni ukimbie. Wana kipindi cha kumzoesha. Kwa mtindo unaotumika Kita nyingi, siku tatu za mwanzo mzazi anakaa naye chumbani na haondoki kabisa. Unakaa pembeni kwenye kile kiti kidogo, humchezeshi, unamwacha akuone tu. Siku ya nne unamuaga waziwazi, unatoka kwa dakika chache, unarudi. Akitulizwa na mlezi, muda unaongezwa. Akikataa, wanasubiri bila kumlazimisha. Wiki zinaweza kuwa mbili, zinaweza kuwa nne au zaidi. Kwa hiyo usijiandikishe kozi ya lugha wiki hizohizo, wala baba asitegemee kwamba utakuwa huru.

Nunua suruali ya mvua na buti za mpira, andika jina kila kitu, hata soksi. Wanatoka nje kwenye manyunyu na baridi, na wanarudi na tope mpaka masikioni. Ndiyo kawaida yao, na watoto wanaipenda.

Halafu surua. Tangu Machi 2020 ni sheria: mtoto wa miaka miwili na kuendelea haingii Kita bila uthibitisho wa chanjo mbili za surua, na shule nayo inautaka uthibitisho huo. Nyumbani tunazipata miezi 9 na 18, kwa hiyo kadi za kliniki msizipakie kwenye mabegi makubwa. Zikae mkononi pamoja na vyeti vya kuzaliwa na tafsiri zake za Kijerumani.

Mwalimu wa Awali

Mimi nafundisha awali Arusha, naomba niguse hilo la mchanga. Ndiyo, Kita hawakai kwenye madawati kujifunza herufi. Ila mtoto anayejenga daraja la mchanga na mwenzake anapanga, anabishana, anasubiri zamu, anatafuta maneno. Binti yako kwa miezi hiyo anahitaji maneno kuliko kitu kingine. Kusoma hakutapotea ukimsomea kila usiku. Msomee Kiswahili hasa, mpakie na vitabu vya kutosha, maana huko hamtavipata kirahisi. Na wote wawili wakinyamaza miezi ya mwanzo, usishtuke. Watoto wengi husikiliza muda mrefu kabla ya kuthubutu kuongea lugha mpya.

Baba wa Ontario

Kila nchi na lake. Huku Ontario, Kanada, mtoto anaweza kuanza shule ya awali ya serikali bure, kutwa nzima, mwaka anaotimiza minne, na la kwanza mwaka anaotimiza sita. Kwa hiyo msichukue ushauri wa ndugu walio nchi nyingine mkaufanya wa Ujerumani.

Mimi nitamtetea baba kidogo. Swali ni mkataba. Kama mnajua kabisa baada ya miaka mitatu mnahamia nchi ya tatu, na kampuni inalipa ada, shule ya kimataifa ina maana. Kama ada inatoka mfukoni kwenu, na mnatarajia kubaki, sioni sababu.

Mama Wawili

Kampuni hailipi ada, tumeuliza leo. Na baba yao amesoma majibu yenu yote, hapo kwenye miaka minne ya msingi akanyamaza muda mrefu. Tumekubaliana binti aende darasa la awali la shule ya jirani na mdogo aende Kita, Kiingereza tutakiendeleza jioni na Kiswahili hakitoki mdomoni mwetu. Kesho naanza kuandikia Kita. Swali la mwisho: je, Kita ikishanikubali ndipo nitafute nyumba karibu nayo, au nyumba kwanza?

Mkazi wa Altona

Nyumba kwanza dada. Bila anwani hamwezi kujiandikisha ofisi ya wakazi, na shule ya msingi wanaangalia umbali kutoka nyumbani. Ukipata nyumba, andika hapa ni mtaa gani, nikutajie za karibu.