Mrejesho: tumefika Kiubo, na magoti yangu

Mwezi wa tano niliuliza hapa kama mimi na mke wangu, watu wa miaka 63 na 60, tuliozoea kusafiri kwa harusi na matanga tu, tunaweza kwenda kulala porini. Wengi mlijibu: anzeni na maporomoko ya Kiubo, kwenye mto Lufira, huku Katanga, Kongo. Basi tulienda, mwezi wa saba.

Lubumbashi hadi Likasi ni lami, kama kilomita 120, hakuna la kusimulia. Mbele ya hapo ni vumbi. Bibi yangu alijifunga kitambaa puani na kunilaumu kwa kila shimo, utadhani nililichimba mimi.

Lufira unausikia kabla ya kuuona. Tulikaa pale saa nzima bila kusema neno, jambo ambalo nyumbani halitokei.

Lakini kilichotushika zaidi ni munkoyo, kile kinywaji cha mahindi na mizizi. Tumeunywa tangu utoto, wa sokoni, bila kuuona mzizi wenyewe! Mama mmoja wa kijijini alimfundisha bibi: mizizi inapondwa, inatiwa kwenye uji wa mahindi uliopoa kidogo, unaachwa ulale. Asubuhi uji umekuwa mwepesi, na mtamu bila sukari. Wa bibi ulitoka mchungu. Niliumaliza, nifanyeje?

Mliosema tubebe blanketi mbili, nisameheni. Nilibeba moja.

Sasa bibi anataka Lofoi, kule kwenye hifadhi ya Kundelungu, maji yanakoanguka zaidi ya mita 300. Ameshanunua viatu. Magoti yangu hayajaulizwa.