BMI, kiuno au kiuno kwa urefu: kipi kinasema kweli kuhusu moyo?

Mzee wa Suruali
Wakuu, kazini walikuja kutupima afya. Urefu sm 172, kilo 73, BMI 24.7, nikaambiwa niko fiti. Lakini kitambi kinatangulia mbele. Kiuno sm 97. Niamini kipi?

nesi_wa_zamu
Mkuu, BMI haijui mafuta yamekaa wapi. Inagawa kilo kwa urefu mara urefu (kwa mita), basi. Mbeba zege mwenye misuli ataitwa mnene, na wewe mwenye kitambi ukapita. Yanayosumbua moyo zaidi ni mafuta ya ndani ya tumbo, yanayozunguka ini na utumbo: hayo huendana na presha, sukari na mafuta mabaya kwenye damu. WHO wanasema hatari huongezeka kiuno cha mwanaume kikipita sm 94, na huwa kubwa kikipita 102. Wanawake ni 80 na 88.

Binti Makame
Sentimita tupu zinatuweka wafupi na warefu kapu moja. Mimi naenda na kiuno kwa urefu. Uingereza, NICE, taasisi inayotoa miongozo ya tiba, tangu 2022 inataka ubaki chini ya 0.5, kuanzia 0.6 ni hatari kubwa. Mzee, 97 gawa 172 ni 0.56, kwa hiyo umo. Asiye na kikokotoo akate uzi wenye urefu wake, aukunje katikati, ajizungushie kiunoni. Uzi usipofika, jibu analo.

Fundi Cherehani
Na nyonga je? Sisi wateja tunawapima zote mbili.

nesi_wa_zamu
Ipo, fundi. Utafiti wa INTERHEART wa 2005, nchi 52, uliona kiuno kwa nyonga kinahusiana zaidi na shambulio la moyo kuliko BMI. Mpaka wa WHO ni 0.90 wanaume, 0.85 wanawake. Ila ukipungua kote kote, uwiano unaweza usisogee, mtu akakata tamaa bure. Nyumbani chukueni cha Binti Makame.
Halafu kiuno si pale mkanda unapokaa chini ya kitambi! Ni katikati ya ubavu wa mwisho na mfupa wa nyonga, ukishatoa pumzi kawaida. Na msibane tumbo. Kila mtu akiona futi anabana.

Mwembamba Asilia
Mimi 0.44. Nimepona?

nesi_wa_zamu
Presha ulipima lini? Na sigara umeacha?

Mwembamba Asilia
Dada, umeanza.