Hivi neno "check" asili yake nini?

msomi_wa_jioni: Wakuu habari za saa hizi. Nasoma kingereza cha jioni, leo ticha kaandika "check" ubaoni tukaanza kutaja maana zake hadi ubao ukajaa, kukagua, kuzuia, hundi ya benki, shati la drafti, na ile ya kwenye chesi mfalme akibanwa. Mi nimezoea tu nicheki kesho basi. Haya ni maneno mbalimbali yamefanana au ni moja?

mzee_wa_kete: Ni moja mkuu na yote yametokea kwenye chesi. Waajemi walikua wakisema "shah", yaani mfalme, kumtahadharisha mwenzako kwamba mfalme wake yuko hatarini, Waarabu wakalichukua, likaenda hadi kwa Wafaransa wa zamani wakalitamka kivyao "eschec" ndo Waingereza wakalipata huko. Sasa we fikiria umeambiwa shah, huwezi tena kucheza unavyotaka, lazima usimame umwokoe mfalme kwanza. Ndo ikaja kuzuia, na kuzuia kukazaa kukagua, si unaona askari wa getini, anakusimamisha kwanza ndo anakukagua. Shati la drafti nalo limeitwa hivyo sababu ya ule ubao wa chesi wa miraba.

dada_wa_kaunta: Kwenye hundi niacheni mimi, nimezishika miaka. Mwanzo "check" kilikua kile kishina kinachobaki kitabuni, cha kukagulia isije ikaletwa ya kughushi, baadae ndo jina likahamia kwenye hundi yenyewe. Na Waingereza wakaanza kuandika "cheque" kwa kufuata "Exchequer", hazina yao, ambayo nayo imetoka kwenye chesi hiyohiyo. Karne ya 12 maafisa wa mfalme walihesabu mapato juu ya meza ya futi 10 kwa 5 imetandikwa kitambaa cha mistari kama ubao wa chesi, wanasogeza vihesabio kwenye miraba. Mpaka leo waziri wao wa fedha anaitwa Chancellor of the Exchequer.

kijana wa mtaa wa pili: Kwahiyo checkmate, ile ya kumaliza mchezo, ni mfalme amekufa? Hiyo mate ni "mat" = mauti?

mzee_wa_kete: Wengi wanasema hivyo sababu ya kiarabu, ila kwa kiajemi "mat" ni kukwama, hana pa kwenda. Na ndo ilivyo kwenye ubao, mfalme haliwi hata siku moja, anabanwa tu mchezo unaisha.

binti_mvita: Jamani mbona neno lenyewe tunalo siku zote! Kwenye sataranji, yaani chesi hiyohiyo, mfalme ni shaha, na shaha wa malenga ndo huyohuyo, mkuu wa washairi.

msomi_wa_jioni: Duh. Asanteni sana wakuu, kesho namwomba ticha dakika tano niwaeleze na wenzangu.