Ushauri: Transista ya IRF510 kwenye redio ya VHF ya boti, mbona haitoi nguvu?

FundiKirumba: Wakuu, salaam. Natengeneza redio za boti karibu na Mwaloni, Kirumba, jijini Mwanza, na mteja ameniletea ya wati 25 ambayo transista yake ya mwisho imeungua. Kwa kuwa ya asili sijaipata hapa mjini, nimefunga IRF510, ambayo datashiti yake inasema inahimili volti 100 na wati 43. Lakini kwenye megahezi 156.8 haitoi hata wati moja, na inachemka haishikiki. Rafiki yangu wa Bukoba anaitumia hiyohiyo kwenye megahezi 7 bila shida. Je, nimeuziwa feki?

MawimbiYaZiwa: Si lazima iwe feki, fundi. Hizo wati 43 si za kwenda kwenye antena. Ni joto ambalo transista inaweza kulitoa ganda lake likiwa nyuzi 25, na ganda likifika nyuzi 100 zinabaki wati 21 hivi. Hata hivyo, kinachokukwamisha hasa ni masafa. Transista hii iliundwa kwa kazi ya kuwasha na kuzima umeme, kwa hiyo geti lake (mguu unaopokea mawimbi ya kuiendesha) lina kapasitansi, yaani uwezo wa kushika chaji, ya takriban pikofaradi 180, ambayo kwenye megahezi 7 hupinga mkondo kwa kama omu 126, lakini kwenye 156.8 inashuka chini ya omu 6. Isitoshe, kiwaya cha sosi (mguu unaoungwa kwenye ardhi), pamoja na ufupi wake wote, kina indaktansi, yaani tabia ya koili, ambayo upinzani wake unafikia omu 7 kwenye masafa hayo. Nguvu ya kuiendesha inaishia humo humo.

FundiKirumba: Nimekuelewa, mkuu. Je, nikipandisha volti?

NyakatoRF: Geti halitabadilika. Kwenye dreni (mguu wa kutolea nguvu) volti zina maana, kwa sababu wati 25 kwa volti 12 zinadai mzigo wa omu 3 hivi, ilhali kwa volti 50 zingedai omu 50, sawa na antena yenyewe. Ndiyo maana transista ya redio ya MRF101AN hutoa wati 100 kwa volti 50. Lakini betri ya boti ni ya volti 12. Agiza transista ya RD30HVF1 ya Mitsubishi, ya wati 30 kwenye megahezi 175 kwa volti 12.5, kisha urekebishe koili na kapasita zinazoizunguka, maana umbo lake ni tofauti. Angalia usiuziwe RD16HHF1, ambayo ni ya megahezi 30. Ukipima, tumia mzigo wa majaribio wa omu 50 badala ya antena, na uhame chaneli ya 16, yaani hiyo megahezi 156.8, kwani ni ya wito wa dharura.