Mrejesho: Theluji au mvua Philadelphia, modeli zilipogongana

Wadau, asanteni sana. Niliuliza niamini modeli ipi ya kompyuta ya kutabiri hali ya hewa kwa dhoruba ya wikendi: GFS ya Marekani iliyochora theluji sentimita 30, au ECMWF ya Ulaya iliyochora mvua karibu tupu.

Ushauri wa kuacha ramani mojamoja na kutazama kwa pamoja matokeo yote ya modeli zinapoendeshwa mara nyingi kwa mianzo tofauti kidogo (31 ya GEFS, yaani kundi la GFS, na 51 ya ECMWF) ulisaidia mno. Yaligawanyika makundi mawili kwa njia ya dhoruba: ikikaa mbali baharini, theluji; ikibana pwani, hewa vuguvugu ya Atlantiki inaingia. Ilibana pwani.

Kilichoamua hasa ni joto la juu. Ardhini ilikuwa nyuzi -1, lakini mita 1,500 hivi juu palikuwa +2, hivyo theluji iliyeyuka njiani ikaganda tena: sentimita 6 za theluji, kisha chembe za barafu. Ramani nyingi za theluji huzidisha kina cha maji yanayotabiriwa mara 10 kupata kina cha theluji na kuhesabu hata chembe hizo kama theluji, ndiyo maana 30 ile ilivutia.

Wanaopima theluji: tumieni ubao mweupe uliolazwa chini, msiufute zaidi ya mara moja kwa saa 6.