Mwalimu mkali, mpole, mcheshi: nani apewe darasa lipi?

Mleta mada
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha Hisabati sekondari ya kata, mwaka wa kumi na moja sasa. Tangu ratiba ya muhula ibandikwe, ofisini kwetu hapakaliki. Swali ni hili: mwalimu wa taaluma anapogawa vipindi, aangalie tu masomo uliyosomea, au aangalie na hulka yako?

Nianze na mimi. Mimi ni mkali, sijisifu wala sikatai. Nikitokeza kwenye kona ya jengo, Kidato cha Pili wanatulia kabla sijafika mlangoni. Mkondo una watoto zaidi ya mia, dawati moja watatu, kwa hiyo ukimya ule ni mtaji. Mada inaisha, daftari zinasahihishwa, mtoro anajulikana siku hiyohiyo.

Basi ukaja mtihani wa nusu muhula. Swali la logarithimu, karibu darasa zima wamekosea hatua ileile moja. Nikawauliza mbona hawakusema kwamba hawajaelewa. Kimya. Baadaye binti mmoja akamwambia madamu wa Kiswahili kwamba ukimuuliza sir swali, anakutazama kama umemkanyaga. Kumbe wiki tatu nzima nilikuwa nafundisha ukuta.

Mwenzangu wa Historia ni kinyume changu. Akifundisha Maji Maji ya 1905 anaigiza askari wa Kijerumani hadi vicheko vinafika kwa mkuu (kichekesho cha vita ile sijakijua hadi leo), na watoto hawaisahau. Lakini Septemba ikiingia silabasi iko nusu, anahangaika kuomba vipindi vya jioni. Yupo na wa Biolojia, mkimya, sauti yake haivuki dawati la tatu. Huyo ndiye aliyegundua kwamba kuna kijana haoni ubao, kwa sababu alisoma daftari lake akakuta kila 3 imenakiliwa 8. Mimi daftari hilohilo nilikuwa nalipiga vema na kosa tu, napita.

Ninavyoona, mcheshi apewe Kidato cha Kwanza. Hawa wengi wametoka shule za msingi za serikali walikosomeshwa kwa Kiswahili miaka yote, wanakutana na Kiingereza kwenye kila somo. Pale mtoto anahitaji mtu ambaye haoni aibu kukosea mbele yake. Wakali tupewe madarasa ya mtihani. Karibuni.

Madamu wa Darasa la Kwanza
Kaka, hapo kwenye hulka ndipo tunapoliwa. Mimi niliitwa mpole wiki niliyoripoti kazini. Leo ni mwaka wa tisa niko Darasa la Kwanza, nashikisha watoto penseli. Nikiomba la Sita naambiwa "wewe una moyo wa kimama, wadogo wanakuzoea". Walimu wa kiume wa shule yetu hakuna aliyewahi kuonja la Kwanza, hata yule anayebembeleza kila mtu ofisini. Na huo upole mnaousema ni kazi ninayoifanya kuanzia saa mbili asubuhi mpaka kengele ya mwisho. Kama ni hulka, waulizeni wanangu nyumbani.

Mzazi, Mbagala
Mnazunguka bure. Samaki mkunje angali mbichi. Sisi tulichapwa na tukafaulu, hao wacheshi wanawalea mayai.

Mleta mada
Mzee wangu, ukali na fimbo tusivichanganye. Kanuni za viboko shuleni za 2002, hapa Tanzania, zinasema kiboko ni cha mkuu wa shule au mwalimu aliyeidhinishwa naye kwa maandishi, visizidi vinne, na viandikwe kitabuni. Mwalimu anayeingia na fimbo kila kipindi anavunja kanuni, hata kama nia yake njema. Halafu, waliochapwa wakaacha shule hawapo hapa kutusimulia.

Mwalimu, Kisumu
Huku Kenya fimbo ilipigwa marufuku 2001 na walimu wakali hawakuisha. Tulichojifunza ni kwamba fimbo ikiondoka, ulimi unabaki. Kuna mwenzangu hagusi mtoto, lakini akisoma alama kwa sauti kuanzia wa mwisho, darasa zima linainamisha vichwa. Huyo utampa darasa gani?

Mkuu wa shule
Nawasoma huku nacheka kwa uchungu. Nina walimu wawili wa Hisabati kwa wanafunzi mia saba. Mmoja akiugua malaria, hulka inayobaki ndiyo hiyohiyo itakayofundisha shule nzima. Walimu wangekuwepo wa kutosha, ningekaa na taaluma tukachagua. Kwa sasa nachoweza ni kuwaambia wakaangaliane wakifundisha, na hilo nalo wengi hawalitaki. Mwalimu yuko radhi akaguliwe na mdhibiti ubora kuliko mwenzake akae dawati la nyuma.

Mleta mada
Mkuu, la idadi sina jibu. Madamu, umenipata, na nimekumbuka tulivyompa wa Biolojia maabara "kwa sababu ni mtulivu" kisha tukamwachia na kuosha vyombo vyake. Ile hoja ya kugawa madarasa kwa hulka nairudisha mfukoni.

Ila udhaifu wangu siwezi kuurudisha. Jumatatu nimeweka boksi la chaki tupu nyuma ya darasa: asiyeelewa aandike swali bila jina, atumbukize. Leo nimelifungua, karatasi 34. Nyingi ni za logarithimu, mbili ni za mapenzi, hizo nimempelekea madamu wa Kiswahili. Moja imeandikwa: "Sir, tunaelewa ukigeukia ubaoni."

Madamu wa Darasa la Kwanza
😂😂 Kesho geukia ubaoni kaka.